Waziri Aliyepanga Majina

Haya nayasimulia kwa amani ya moyo, kwa sababu hayakutokea hapa kwetu. Hapa kwetu hayawezi kutokea. Yalitokea Shwarini, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaambiwa ramani imepelekwa kwenye matengenezo.

Jamhuri ya Shwarini ilikuwa na watumishi wa umma elfu arobaini na moja na mia mbili, na wote walikaa ndani ya kompyuta moja, kwenye meza ya Bi. Tabia Shomvi, karani wa Idara ya Utumishi. Kompyuta yenyewe ilifunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, na juu ya kitambaa kulikuwa na kikombe cha kalamu.

Bi. Tabia alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Miaka kumi na minne nyuma alipewa kazi ya kugawa sare. Kuandika kwenye daftari kulimuumiza kidole, basi akajitengenezea jedwali kwenye kompyuta: jina, cheo, kituo, kipimo cha kiatu. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyemkataza. Mwaka uliofuata wakubwa wakamwomba aongeze safu ya likizo. Kisha safu ya uhamisho. Kisha safu ya watu wanaodhurika na karanga, kwa ajili ya karamu ya Sikukuu ya Taifa. Mwisho jedwali likawa na safu mia mbili na sita, na kila Jumatatu saa nne asubuhi lilikuwa likituma barua lenyewe kwa kila mtumishi ambaye cheo chake kimebadilika. Hilo la barua Bi. Tabia alifundishwa na bwana mmoja waliyekaa naye meza moja harusini, na tangu siku ile hajamwona tena.

Msidhani serikali haikuwa na mfumo wake. Ilikuwa nao, uliitwa Mfumo Mkuu wa Taifa, ukazinduliwa kwa ngoma na keki. Neno la siri la kuufungulia alipewa mhandisi mmoja aliyeapa hatalitoa hata akifa, naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Tangu mazishi yake, Shwarini nzima ilikuwa ikimtegemea Bi. Tabia.

Mara mbili alimwandikia mkuu wake, Mkurugenzi Fumbwe, kwamba faili liko kwenye kompyuta moja, yeye peke yake ndiye anayelijua, hakuna anayelikagua, naye ni binadamu, anaweza kuugua malaria. Mara ya kwanza hakujibiwa. Mara ya pili barua ilirudi na neno moja la wino mwekundu: Usiugue.

*

Basi ikafika Jumatatu ya ziara ya kushtukiza, ambayo redio ilikuwa imeitangaza kwa wiki tatu. Saa tatu na robo akaingia Waziri wa Mpangilio wa Taifa, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Anania Kidumbuyo, na nyuma yake watu ishirini na wawili wa kumpigia makofi. Alikuwa mwanamume mrefu aliyependa kunyoosha vitu. Kwenye korido alikuwa amekwisha kunyoosha picha tatu na mlinzi mmoja.

Akakaa kwenye kiti cha Bi. Tabia bila kuuliza, akatazama kioo cha kompyuta.

"Hawa watu wamekaa ovyo," akasema. "Wa kwanza kabisa ni nani huyu, Yeremia, mlinzi wa geti? Jaji Mkuu yuko wapi?"

"Yuko wa elfu sita na kitu, Mheshimiwa," akasema Bi. Tabia. "Wamepangwa kwa jinsi walivyofika kuchukua sare. Yeremia aliwahi."

"Nchi haiwezi kupangwa kwa kuwahi," akasema Waziri. "Nchi hupangwa kwa alfabeti."

Akashika kipanya. Akabonyeza juu ya safu ya majina, hiyo peke yake, akaagiza ipangwe kuanzia A mpaka Z. Kompyuta, ambayo ilikuwa na akili zake, ikatoa kisanduku kidogo katikati ya kioo.

"Inaniuliza swali," akasema Waziri, na watu ishirini na wawili wakaacha kupumua.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Inauliza kama unataka safu nyingine zifuatane na majina, maana zisipofuatana..."

"Mama, Waziri hajibu maswali ya papo kwa papo."

Akabonyeza Hapana. Kisha akabonyeza Hifadhi. Makofi yakapigwa.

Bi. Tabia akainama atazame. Jina la kwanza sasa lilikuwa la Brigedia Abdu Abeid, na mbele ya jina hilo kikabaki cheo cha Yeremia: mlinzi wa geti. La pili lilikuwa la Adelina, mwalimu wa chekechea, na mbele yake: Kamishna wa Madini. Majina yalikuwa yamehama na vyeo vimebaki palepale, kama viatu mlangoni mwa msikiti ambavyo mtu amevipanga upya wenyewe wakiwa ndani wanasali.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Barua zingetoka saa nne. Kurudisha mambo nyuma kulihitaji dakika moja na kiti, na kiti kilikuwa na Waziri, ambaye sasa alikuwa amegeuka kuwakabili watu wake ahutubie. Akazungumzia herufi A na mchango wake katika ukombozi. Akazungumzia herufi B. Bi. Tabia akanyoosha mkono. Mkurugenzi Fumbwe akamkanyaga mguu. Akanyoosha tena, akakanyagwa tena. Saa nne kasoro dakika mbili, Waziri akiwa kwenye K, Bi. Tabia akanyoosha mikono yote miwili, na mpiga picha wa wizara akampiga picha akaiandikia chini: Karani akishangilia.

Saa nne, kompyuta ikaanza kunguruma.

*

Kwa nini watu hawakukataa barua zile? Hilo nami niliuliza. Nikaambiwa kwamba Shwarini anayekataa uhamisho ndiye anayehamishwa zaidi. Tena kila mmoja alidhani amekosewa yeye peke yake, akaona aibu kusema.

Jaji Mkuu akaenda kufundisha kuruka kamba. Kiti chake mahakamani kikakaliwa na mwoshaji wa magari ya zimamoto, aliyemaliza kesi mia tatu kwa siku mbili, kwa kuwaambia wadaiwa na wadai wakaombane radhi nje kisha warudi kama bado wana hasira. Hakurudi mtu. Jeshi la Majini, ambalo Shwarini inalo ingawa haina maji, likapata admirali mpya aliyekuwa mkunga, naye akawaagiza mabaharia wote walale chali na kupumua polepole.

Mkurugenzi Fumbwe alisoma barua yake akiwa amesimama. Alikuwa sasa mpiga zumari wa pili, Bendi ya Magereza.

"Bosi, ni kosa la faili," akasema Bi. Tabia. "Nina nakala ya Ijumaa iliyopita kwenye flashi. Niruhusu tu niirudishe."

Fumbwe akatazama mlangoni, akateremsha sauti.

"Bi. Tabia, faili limepangwa na Waziri. Ukisema limekosea, unasema nani amekosea? Mimi nimekuwa Mkurugenzi miaka tisa bila kuijua kazi hii. Zumari haiwezi kunishinda."

Akachukua mwavuli wake, akaenda.

Mahali pake akaja Bwana Ndalu, aliyekuwa mfuga nyuki wa serikali kwenye msitu wa Kilingeni. Alikuwa mtu mtaratibu sana. Aliingia ofisini kama anayeingia kwenye mizinga, akakaa bila kugusa kitu, akasema, "Nikikaa kimya watanizoea."

Bi. Tabia mwenyewe aliteuliwa kuwa Rubani Mkuu wa Serikali. Ndege ya serikali ilikuwa moja, nayo ilikaa juu ya matofali tangu magurudumu yake yalipoazimwa. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kufungua faili, akaambiwa urubani aufanyie mezani kwake, ila avae kofia. Akaivaa. Ilikuwa kubwa, ikamshukia mpaka kwenye miwani.

Angeweza kuvumilia hayo yote. Watu wa Shwarini wamezoea kuvumilia, hata wana siku yake ya mapumziko. Lakini mume wake, Mwalimu Shomvi, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa na ngiri, na alipangiwa kupasuliwa Hospitali Kuu, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Jumatano ile alirudi kutoka kupimwa, akakaa kwenye kiti cha uani bila kuvua kofia.

"Mama Stumai," akamwita kwa jina la binti yao, kama alivyomwita siku zote, "Daktari Hidaya hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Amekuwa mkuu wa stesheni ya reli, Mnyambe. Aliyepo anaitwa Lwimbo. Amenibonyeza tumbo, kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza nataka kitambaa gani."

Bi. Tabia akaketi.

"Ni fundi makochi wa serikali," Mwalimu akaendelea. "Nimemwambia, bwana, hii ni ngiri. Akasema hata kochi linalotaka kutoa springi huanza hivyohivyo. Ameniahidi mshono wa mara mbili." Akavua kofia. "Hana kiburi, yule kijana. Na nyuzi anazijua. Ila mama Stumai, mimi naogopa."

Katika miaka ishirini na minane ya ndoa Mwalimu Shomvi hakuwahi kusema anaogopa, hata mwaka wa mafuriko, alipokaa juu ya paa siku mbili akiwafundisha majirani majina ya mawingu. Bi. Tabia alimtengenezea chai, akasahau kuweka majani, na mzee akainywa vilevile.

*

Kesho yake alikwenda wizarani na flashi mkononi na kofia ya urubani kichwani. Waziri akampokea vizuri. Alikuwa akinyoosha mapazia.

"Mheshimiwa, majina yalipangwa bila vyeo kufuatana. Kila mtu amepata kazi ya mtu mwingine. Hapa nina faili la Ijumaa, kabla ya..." Akatafuta neno. "Kabla ya alfabeti."

Waziri akaitazama flashi kama mtu anayeonyeshwa nge.

"Yaani umelitoa faili la taifa, ukaliweka kwenye kitu kinachoingia mfukoni?"

"Ni nakala, Mheshimiwa. Kompyuta ikiharibika..."

"Bi. Tabia, sikiliza. Kumbe tulikuwa kwenye hatari kubwa. Karani anajitengenezea faili lake mwenyewe, analikuza anavyopenda, hakaguliwi, analitia mfukoni. Na taifa linalitegemea. Hili haliwezi kuachwa."

"Ndivyo nilivyoandika, Mheshimiwa. Mara mbili."

"Nitaunda Tume," akasema Waziri, na macho yake yakang'aa.

Tume ya Kudhibiti Hatari za Mafaili Yaliyotengenezwa na Wafanyakazi Wenyewe iliundwa siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana. Wajumbe wake walichaguliwa kwa vyeo vyao vya kwenye faili, hivyo mtaalamu wa kompyuta alikuwa kocha wa ngumi, mwanasheria alikuwa mpaka rangi wa madaraja, na mwenyekiti alikuwa mzee mmoja wa kufungua na kufunga bwawa, ambaye kila hoja ikitolewa aliuliza kama ifunguliwe au ifungwe. Walifanya kazi kwa bidii. Ijumaa jioni wakatoa Kanuni.

Kompyuta ya Bi. Tabia ikajengewa kizimba cha nondo, na nje ya kizimba akawekwa mlinzi, ambaye alikuwa Brigedia Abdu Abeid. Ikaamriwa kwamba faili lisiguswe, lisisahihishwe, lisiongezwe wala kupunguzwa bila fomu yenye saini kumi na tatu, ya mwisho ikiwa ya Waziri. Ikaamriwa kwamba majina yapangwe daima kwa Mtindo wa Waziri, yaani safu ya majina peke yake. Na nakala zote za zamani ziteketezwe hadharani, kwa kuwa ni uchochezi dhidi ya faili lililopo.

Kwa hiyo kosa likawa salama. Kwa miaka kumi na minne faili lilikuwa sahihi na halikulindwa na mtu. Sasa lilikuwa limekosewa, na lilikuwa na brigedia.

Jumamosi Bi. Tabia aliwasilisha flashi mbele ya Tume, ikachomwa kwa mafuta ya taa huku wajumbe wakisimama wima. Ilikuwa na kaswida za madrasa na maelekezo ya kupika visheti. Ile yenye faili alikuwa ameizika ndani ya kopo la iliki. Hakuwahi kuidanganya serikali. Serikali ilikuwa imemdanganya yeye mara kadhaa, lakini aliona kwamba ile ni kazi yake.

*

Jumatatu asubuhi na mapema Waziri akafika tena. Safari hii hakushtukiza mtu, maana alikuwa na shida yake mwenyewe. Jumapili, Mtukufu Kiongozi wa Shwarini alikuwa amelisifu faili redioni, akasema kila mzalendo wa kweli atakuwemo. Na Waziri hakuwemo. Mawaziri hawakuwa wakichukua sare, kwa hiyo Bi. Tabia hakuwa amewahi kuwaandika.

Alileta fomu yenye saini kumi na tatu, ya mwisho ikiwa yake. Brigedia akaikagua, akapiga saluti ya mlinzi wa geti, akafungua kizimba. Mkurugenzi Ndalu akaja kusimama kando, mikono nyuma.

"Niandike," akasema Waziri. "Anania Kidumbuyo, Waziri wa Mpangilio wa Taifa."

"Naweza, Mheshimiwa," akasema Bi. Tabia. "Nitaongeza mstari mpya chini kabisa. Lakini Kanuni zinasema majina yapangwe kwa Mtindo wa Waziri. Nikikuandika nikapanga, nawe utapangwa."

"Mimi napangika."

"Ninachosema ni kwamba jina lako litapanda juu, kwenye A. Cheo chako kitabaki chini."

"Cheo changu hakijawahi kubaki chini tangu niingie siasa."

"Mheshimiwa, jina na cheo vitaachana."

"Bi. Tabia," akasema Waziri kwa upole, kama anayeongea na mtoto, "wewe ni rubani. Haya ya mafaili tuachie sisi."

Bi. Tabia akamtazama Mkurugenzi Ndalu. Mkurugenzi alikuwa akitazama dirishani. Alisema taratibu, bila kumwambia mtu hasa, kwamba nyuki ukishawaonya mara tatu hawana madai.

Bi. Tabia alikuwa ameonya mara tatu. Akafikiria kitambaa cha makochi. Mara ya nne hakuonya. Akaandika jina, akaandika cheo, akapanga safu ya majina peke yake, na kompyuta ilipomuuliza swali lake, akabonyeza Hapana.

Anania akapanda mpaka kati ya Amosi na Anastazia. Wote waliokuwa chini yake wakasogea nafasi moja. Na mwisho wa orodha nzima, mbele ya cheo cha Waziri wa Mpangilio wa Taifa, likasimama jina la mwisho katika alfabeti ya Shwarini: Zuwena Zongo, aliyekuwa kwa asili yake mpishi wa Chuo cha Ualimu.

Saa nne barua zikatoka. Ya Waziri ilimkuta bado ofisini, akinywa chai ya pongezi. Akaisoma. Akaisoma tena akiwa ameinyoosha juu ya meza.

"Mkaguzi Msaidizi wa Majosho ya Mbuzi," akasema. "Kata ya Kwembe."

Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake.

"Faili limekosea," akasema Waziri.

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutamkwa na mkubwa wa serikali katika ardhi ya Shwarini, na watu waliokuwepo wakainamisha vichwa, kama mtu anapotaja ugonjwa wake hadharani.

"Rekebisha, Bi. Tabia. Sasa hivi."

Brigedia akakohoa. Alikuwa ameshafunga kizimba.

"Fomu, bwana mkaguzi," akasema. "Saini kumi na tatu. Ya mwisho ya Waziri."

*

Lakini furaha ya Bi. Tabia haikufika jioni. Mwalimu Shomvi alirudi hospitali na habari mpya. Kwa kuwa kila mtu alisogea nafasi moja, Lwimbo fundi makochi amehamishwa, na upasuaji sasa ameukalia Lwila, bwana wa kupasua mawe kwenye machimbo ya serikali.

"Amenionyesha vifaa vyake," akasema Mwalimu. "Mama Stumai, yule wa makochi tungemshukuru Mungu."

Jumanne saa mbili asubuhi Bi. Tabia alikuwa mlangoni pa Waziri mpya, bado na kofia ya urubani, ingawa barua ya jana ilikuwa imempa cheo kingine. Bi. Zuwena Zongo alikuwa mwanamke wa miaka sitini, amekaa pembeni ya kiti kikubwa kana kwamba kuna mwenziwe anayekuja. Juu ya meza ya wizara alikuwa amemwaga mchele, anachagua mawe.

"Shikamoo mama," akasema Bi. Tabia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Vua hiyo kofia, inakuziba. Niambie, hivi mimi natakiwa kufanya nini humu? Tangu jana watu wanaingia, nikisema neno wanapiga makofi. Nimesema nataka maji ya kunywa, wamepiga makofi, na maji hawajaleta."

Bi. Tabia akamweleza. Alimweleza kwa viatu na msikiti, maana kwa safu na mistari aliona anampoteza. Alimweleza kuhusu Daktari Hidaya aliyeko stesheni, na Lwila na nyundo zake, na mume wake ambaye amesema anaogopa. Mwishoni akatoa kopo la iliki, akaweka flashi juu ya meza kando ya mchele. Alijua kwamba kwa kitendo hicho anaweza kulala ndani.

Bi. Zuwena aliichukua, akainusa.

"Nzuri hii iliki," akasema. "Kwa hiyo ukiirudisha hii, kila mtu anarudi kwake?"

"Kila mtu. Nawe pia, mama. Utarudi jikoni."

"Ningekuwa nasubiri nini hapa? Jikoni kwangu wamemweka profesa wa hesabu. Vijana mia sita wanakula wali uliopimwa vizuri na haujaiva." Akapangusa mikono. "Nani ametunga hizo Kanuni za saini?"

"Waziri."

"Na Waziri ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi nimezifuta. Andika nitie saini. Ile ya kuongeza mtu mpya tu iachwe, nisije nikaambiwa nimevunja vyombo vyote vya watu."

Kulikuwa na tatizo moja tu. Barua zilitoka Jumatatu, na hii ilikuwa Jumanne. Bi. Tabia hakujua jinsi ya kubadilisha siku. Yule bwana wa harusini hakuwa amemfundisha. Akakaa mbele ya kompyuta akifikiri, kando yake Bwana Ndalu, ambaye barua yake ya kuhamishwa tena alikuwa hajaifungua, Brigedia akiwashikia mlango wa kizimba. Hatimaye akafungua kalenda ya kompyuta akaiambia kwamba leo ni Jumatatu. Kompyuta ikaamini. Akarudisha faili la zamani. Saa nne ikafika, mashine ikanguruma, na wiki ile Shwarini ikawa na Jumatatu mbili. Kanuni ya nchi ile ni kuifuata tarehe iliyo kwenye barua, kwa hiyo watu waliokuwa wameshaianza Jumanne wakairudia Jumatatu, na waliotaka kuoa Ijumaa wakaoa siku ambayo hakuna anayeijua mpaka leo.

Alhamisi asubuhi, hiyo ya kweli, Mwalimu Shomvi alikuwa amelala kitandani Hospitali Kuu, amefunikwa shuka la kijani. Lwila alikuwa pembeni na mkoba wake, barua ya kurudi machimboni bado haijamfikia, anamfariji kwamba jiwe likigongwa mahali pake halisikii maumivu. Bi. Tabia alisimama mlangoni, kanga mdomoni. Saa tatu hivi zikasikika hatua za haraka kwenye korido, akaingia Daktari Hidaya Mchopa, amevaa koti la reli lenye vifungo vya shaba na kibendera cha kijani kwapani. Alikuwa amesafiri juu ya gari la kokoto.

"Shikamoo Mwalimu," akasema akinawa mikono. "Samahani kwa kuchelewa, barua ya kunihamisha tena na ya kunirudisha zimenifikia kwa pamoja jana. Wiki moja na nusu nimesubiri treni."

"Ilikuja?" akauliza Mwalimu.

"Haijawahi kuja. Wananchi wenyewe wanajua, wanakuja tu kupumzika." Akamgeukia Lwila. "Bwana, asante kwa kumkalia mgonjwa. Nyundo toka nayo."

Upasuaji ulichukua muda mfupi. Mwalimu alipozinduka alitaja majina ya mito mitano, yote sahihi, na mkewe akalia kidogo, akiwa amegeukia ukutani ili asionekane.

*

Watu wakarudi makwao. Jaji Mkuu alirejea kwenye kiti chake, akikasirika siku hizi anatoka nje kuruka kamba. Mkurugenzi Fumbwe alirudi na zumari, akasema waliisahau kuidai. Bwana Ndalu aliondoka bila kuaga, kama alivyoingia, akaacha chupa ya asali juu ya meza. Mama Zuwena alizichota punje zake zote za mchele akaondoka nazo.

Aliyebaki hana pa kurudi ni Mheshimiwa Anania. Faili la zamani halikuwa na Waziri wa Mpangilio, maana hakuwahi kuchukua sare. Ili arudishwe alihitaji mstari mpya, na mstari mpya ulihitaji saini kumi na tatu, ya mwisho ya Waziri, na Waziri hakuwepo. Alikusanya kumi na mbili kwa siku mbili, akawa anakuja kila asubuhi kukaa kwenye benchi la korido, fomu magotini. Mtukufu Kiongozi aliulizwa. Akasema ameona wizara hiyo imetulia sana siku hizi, asisumbuliwe mtu.

Bi. Tabia hakumcheka. Alimpelekea chai, na alipomwona ananyoosha picha za ukutani alimwachia.

Yeye alikuwa na kazi nyingine. Aliwaita makarani watatu, akawafundisha jedwali safu kwa safu, mpaka ile ya karanga. Akaandika kurasa nane za namna linavyofanya kazi, akazibandika ukutani. Akafunga safu kwa neno la siri, akalitia neno hilo kwenye bahasha tatu, kabati tatu. Fumbwe akatia saini bila kusoma. Kisha Bi. Tabia akaomba likizo, ya kwanza tangu aanze lile jedwali, akampeleka mume wake kwa binti yao Stumai, kwenye milima ya Usungwe, akapumue hewa.

Siku ya kwanza aliweka simu mapajani. Haikulia. Siku ya pili aliizima akaiwasha, akidhani imeharibika. Siku ya tatu, Jumatatu, saa nne na dakika kumi, uvumilivu ukamwishia. Akapiga ofisini. Akapokea karani mmoja wa wale watatu, Fausta.

"Barua zimetoka?" akauliza Bi. Tabia.

"Zimetoka, dada. Ishirini na sita. Tumezikagua wawili, kisha tumezikagua tena."

"Kompyuta haikuuliza swali?"

"Iliuliza. Tukalisoma, tukajibu."

"Hamkukwama popote?"

"Hapana, dada. Wewe pumzika. Tuko sawa kabisa."

Bi. Tabia akaaga, akaweka simu kwenye majani. Mwalimu Shomvi, aliyekuwa akimwonyesha mjukuu wake mlima upi ni upi, akageuka.

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," akasema Bi. Tabia. "Wanaendelea."

Akakaa akitazama bondeni. Alijisikia kama mwanamke aliyerudi safari akakuta nyumba imefagiwa, watoto wameshiba, na sufuria zimeoshwa zikapangwa. Ndicho alichokiomba miaka yote hiyo. Hata hivyo ilimchukua mpaka adhuhuri kukizoea.